Mke wangu asema gofu la Lamu ni mke mwenza

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya upili hapa Machakos. Nina mke mmoja na watoto watatu. Sinywi, sivuti, na mpango wa kando sina. Nayataja haya mapema kwa sababu nikianza kukueleza ugomvi ulioko kwangu utadhani pana mwanamke. Mwanamke hayupo. Kuna nyumba.

Nilipomaliza chuo nilipangiwa kufundisha Lamu. Wenzangu waliposikia walinipa pole. Nilivuka kwa boti kutoka Mokowe, nikashuka gatini na sanduku langu la bati, na jioni ile ile nikapotea katika vichochoro vya Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe. Kuta ndefu huku na huku, juu wikio limeunganisha nyumba mbili ghorofani, chini mimi na punda tunapishana kwa adabu. Mzee mmoja aliyeketi kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, la nyumba yake aliniona nikipita mara ya pili, akaniita, akanipa kahawa, kisha akaniingiza ndani kunionyesha ukuta wa zidaka. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya matofali na mabati. Sikujua kama chokaa tupu inaweza kugeuzwa rafu za kutani, safu juu ya safu, kila moja na nakshi yake, na mwanga wa uani ukafika hadi kwenye ile safu ya mwisho. Tangu siku hiyo mimi si mzima.

Muda wote niliofundisha huko, kila nilipopata nafasi nilikuwa chomboni. Nimekwenda Takwa, kule Manda, ambako msikiti umebaki na nguzo yake juu ya ukuta wa kibla. Nimekwenda Siyu kuiona ngome. Nimekwenda Pate nikakuta tumbaku imepandwa katikati ya kuta za majumba ya zamani, wenye mashamba wanapalilia na mimi nimeshika utepe nikipima milango. Nina madaftari yamejaa michoro: upana wa vyumba, unene wa kuta, idadi ya zidaka, kipimo cha kila daka. Nilipohamishwa kurudi Ukambani nilidhani mambo hayo yataisha. Hayakuisha. Likizo ikifunguka tu napanda basi.

Sasa kuna nyumba inauzwa Mkomani. Paa la msana wa nyuma, kile chumba kirefu chembamba, limeanguka, na mti umeota juu ya ukuta, lakini ndani zidaka zimebaki karibu zote na mlango wa mbele bado ni ule ule wa zamani. Anayeiuza ni kijana mmoja katika wajukuu wa mwenyewe. Anasema wenzake wamekubali, ila nitoe pesa ya kushikilia kabla ya mwezi kwisha kwa sababu kuna Mzungu wa Shela, kijiji cha jirani, anaitaka pia. Akiba yangu ya SACCO pamoja na mkopo inatosha kuinunua.

Tatizo ni kwamba mke wangu naye ameihesabu akiba hiyo hiyo. Anataka tumalize kulipia ploti ya Joska tujenge, tuache kulipa kodi. Nilipomtajia ile nyumba alinyamaza siku nzima, halafu usiku akasema: "Umeniolea mke mwenza, tena wa mawe, tena ajuza." Alikwenda Lamu mara moja tu, tulipooana, na hakuipenda. Ndugu zake wanasema nililishwa kitu. Na kule kwenyewe, rafiki yangu mmoja wa huko aliniambia kwa mzaha, ila mzaha uliniuma, kwamba sisi wa bara tumemaliza kununua mashamba sasa tunakuja kwenye majumba ya bibi zao.

Nisaidie, Mjomba. Je, mimi nina kichaa? Ni haki nikinunua kwanza, kisha nimweleze mke wangu taratibu? Na nifanye nini ili naye aipende?

Mwalimu wa Mawe, Machakos

*

Marahaba, mpwa wangu.

Kichaa huna, wala hukulishwa kitu. Mimi nimelelewa katika nyumba ya mawe na chokaa hapa Mombasa, Mji wa Kale, na nimeona watu wazima wenye akili zao wakisimama mbele ya mlango wa nakshi wakasahau walikuwa wanakwenda wapi. Mapenzi ya namna hiyo yapo na huchukua miaka. Waambie mashemeji zako wapumzike.

Lakini nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kuna jambo limenikaa. Kuta umenipa, nguzo ya Takwa umenipa, hata mti ulioota ukutani umenipa. Watu je? Mkeo alikwenda Lamu "na hakuipenda", basi. Hakuipenda kwa nini? Alikuwa anaumwa? Alikaa na nani wakati wewe umeshika utepe? Wenye mashamba ya Pate unawapita wakipalilia. Yule mzee wa kahawa, aliyekufungulia mlango wa mapenzi haya yote, hukuniambia hata kama yu hai.

Nakutajia hili si kwa kukulaumu. Ni kwamba nyumba unazozipenda zilijengwa kwa sababu ya watu, na hasa kwa sababu ya wanawake, na wewe mwalimu wa historia unalijua hilo. Kwa desturi ya wenye majumba ya mawe Lamu, binti hakuhama kwao akiolewa. Baba alimjengea, ama ghorofa ya juu ama nyumba ya ubavuni, na bwana harusi ndiye aliyefunga mzigo akahamia. Lile wikio ulilopita chini yake ukashangaa lilimpa mwenye nyumba chumba cha ziada bila kununua kiwanja, na likawapa mama na binti na dada njia ya kutembeleana ghorofani bila kukanyaga kichochoroni. Ndani kule kwenye zidaka ndiko walikozalia, ndiko bibi harusi alikoonyeshwa, na ndiko maiti walikooshewa kabla ya kutolewa. Sasa wewe unataka kuinunua nyumba ya namna hiyo kwa siri ya mke. Hapana, mpwa wangu. Swali lako la pili nimelijibu hapo, na sitalirudia.

Tuje kwenye huyo kijana, maana hapa ndipo pesa yako inapoweza kuzama.

Mjukuu mmoja hauzi nyumba ya babu. Mwenye nyumba akifa Mwislamu, mirathi yake hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu: wajane wana fungu lao, wana na mabinti wana mafungu yao, na kama baadhi yao nao wamekufa kabla ya kugawana, mafungu hayo yameshateremka kwa watoto wao. Nyumba iliyokaa vizazi viwili bila kugawanywa inaweza kuwa na warithi wengi, mmoja yuko mtaa wa Langoni pale pale Lamu, mwingine Mombasa, mwingine Maskati hajarudi tangu ujana wake. "Wenzangu wamekubali" si karatasi. Muulize kijana: mirathi imepita kwa Kadhi? Lamu kuna Mahakama ya Kadhi, na kazi hiyo ni yao. Kama imepita, kuna hukumu inayotaja warithi mmoja mmoja, na kila aliyetajwa, mabinti wakiwemo, atatia sahihi mbele ya wakili wako. Nasisitiza mabinti kwa sababu nimeona mauzo mengi ya pwani ambayo kaka waligawana pesa na dada wakapata habari sokoni. Kesi za namna hiyo huishi kuliko wanunuzi.

Kisha uliza kama nyumba ni wakfu. Watu wa zamani walipenda kuiwekea wakfu nyumba nzima kwa ajili ya msikiti au kwa kizazi chao, na mali ya wakfu haiuzwi, hata warithi wote wakikubali na kucheka pamoja. Ofisi ya Tume ya Wakfu iko hapa Mombasa, watafute. Halafu fanya upekuzi wa hati ya ardhi, na uhakikishe kwamba mwenye nyumba ndiye mwenye kiwanja. Huko kwenu bara anayemiliki nyumba kwa kawaida amemiliki na udongo ulio chini yake. Huku pwani kumiliki nyumba bila ardhi ni jambo la zamani, na wageni wengi hawalijui mpaka mwenye ardhi abishe hodi.

Huyo Mzungu wa Shela simjui. Huenda yupo kweli. Wageni wamenunua nyumba nyingi Shela na Lamu, na bei zimepanda kwa sababu hiyo. Huenda pia hayupo. Vyovyote vile, mtu anayekuambia utoe pesa kabla ya mwezi kwisha hakupi nafasi ya kuuliza hayo niliyokutajia, na labda ndiyo maana ya haraka yenyewe.

Haya, tuseme kila kitu ni safi. Umepata nyumba. Umenunua nini?

Umenunua paa, kwanza. Wewe umepima vyumba, unajua ni virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita tatu au unazidi kidogo tu. Aliyejenga alipimiwa na mkoko. Boriti, yaani miti ya mkoko inayolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, ndizo zinazobeba dari la mawe na chokaa, na dari hilo ni zito mno, kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti inavyohimili. Boriti zikioza nchani, pale zinapoingia ukutani, dari linashuka lote. Ndicho kilichotokea kwenye msana wako wa nyuma, nadhani. Na paa likishafunguka, mvua ya masika inaingia kwa juu katikati ya ukuta. Ukuta wa matumbawe una nyuso mbili nzuri na katikati kifusi cha mawe madogo na chokaa. Maji yakifika kwenye kifusi yanaosha chokaa, ukuta unatuna, mizizi ya ule mti inapata pa kupita, na misimu michache baadaye unaokota zidaka zako sakafuni. Gofu halikusubiri ujikusanye kifedha. Kila masika linakula.

Boriti mpya zinapatikana, lakini mikoko haikatwi ovyo siku hizi, kuna vibali, na bei yake unaifahamu. Mchanga, mawe, chokaa, maji, vyote vinafika mlangoni pako kwa punda, kwa sababu gari halipiti. Mafundi wa chokaa wapo, Lamu ni katika miji michache iliyobaki nao, lakini ni wachache na kazi yao ni ya polepole: chokaa ilowekwe ikae, ipakwe tabaka jembamba, ikauke, ndipo ipakwe tena. Utashawishika kutumia simiti, maana simiti ni rahisi na fundi yeyote anaijua. Usithubutu. Ukuta wa matumbawe unapumua; unyevu na chumvi ya bahari vinaingia na kutoka kupitia chokaa. Ukiupaka simiti umeuziba. Chumvi inabaki ndani, inasukuma, na plasta inabanduka vipande vipande pamoja na uso wa ukuta. Nyumba ngapi za pwani zimekufa kwa "ukarabati" wa simiti! Hapo ndipo hasira zangu huwa, samahani.

Na kuna Makumbusho ya Taifa. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kabla ya hapo ulikuwa tayari umelindwa kwa sheria za Kenya. Huvunji ukuta, huongezi ghorofa, hubadilishi mlango kwa hiari yako. Wengine hulalamika; mimi naona ni heri, la sivyo ile milango ingekuwa imeshahamia kwenye hoteli za ng'ambo. Ila ujue gharama ya kujenga kwa masharti.

Kwa hesabu ya kawaida ya nyumba hizi, bei ya kununua ndiyo sehemu ndogo. Mshahara wa mwalimu uliokwisha kukatwa mkopo wa SACCO, kodi ya nyumba Machakos, karo ya watoto watatu, halafu paa la mawe Mkomani. Utaishia kuwa na gofu lenye jina lako. Litaendelea kuanguka huku wewe ukilitembelea likizo.

Ule mzaha wa rafiki yako sitauchukulia kwa uzito kama ulivyouchukua wewe, ingawa una ukweli ndani yake. Visiwa hivyo havijawahi kuwa vya damu moja. Vimepokea Wahadhrami, Wabajuni, Waomani, watu wa kutoka kila upande, na waliokaa wakawa wenyeji. Jirani wa Mkomani hachukii uso mgeni. Anachochukia ni nyumba iliyofungwa kufuli miezi kumi na moja, baraza haina mtu wa kumwamkia, na usiku taa haiwaki. Ukinunua wewe wa Machakos, au Mzungu wa Shela, kwa jirani huyo tofauti si kubwa.

Sasa nikupe njia ninayoona inakufaa. Usinunue. Kodi.

Familia nyingi za Lamu hazitaki kuuza. Wanauza kwa sababu hawana pesa ya paa. Ziko zilizokubali mpango mwingine: mtu anapewa sehemu ya nyumba, au nyumba nzima, kwa miaka kadhaa, na badala ya kulipa kodi yote kwa fedha anakarabati kwa makubaliano. Muda ukiisha nyumba inarudi kwa wenyewe ikiwa imesimama. Mkataba uandikwe na wakili, warithi wote wautie sahihi, na usajiliwe. Ieleweke nani analipia nini paa likianguka tena. Kwa mpango huo unaweza kuanza na chumba kimoja, boriti chache, msimu mmoja, kwa pesa ambayo haitaigusa Joska. Usipowapata wenye gofu hilo wapo wengine. Na ukikosa kabisa, chumba cha kukodi kwa mwezi mmoja wa Desemba kitakupa zidaka za kutazama kila asubuhi bila kudaiwa na mtu.

Yale madaftari nayo usiyafungie kabatini. Mtu aliyepima milango ya Pate na misana ya Mkomani miaka yote hiyo ana kitu ambacho wengi hawana. Nyumba moja uliyoichora huenda sasa haipo tena. Toa nakala, uwapelekee Makumbusho ya Lamu pale ukingoni, na nakala nyingine uwape wenye nyumba wenyewe. Familia inayotaka kurudisha safu ya zidaka iliyoanguka, fundi atauliza: zilikuwa ngapi, zina upana gani? Wewe unayo majibu. Pia wewe ni mwalimu. Wanafunzi wako wa Machakos wangapi wamewahi kuona ngome ya Lamu? Ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, ikakamilika 1821, ikawa gereza hadi 1984. Hapo pana somo la muhula mzima, na safari yake shule inaweza kuichangia.

Mkeo nimemwacha mwisho, si kwa kumdharau.

Swali lako ni ufanye nini ili aipende. Sidhani kama unaweza, na sidhani kama ni lazima. Mimi na marehemu mke wangu tuliishi miongo mingi na hakuwahi hata siku moja kupenda bahari, akiwa amezaliwa hatua chache kutoka kwake. Unachoweza ni kumuuliza, leo, ilikuwaje ile safari ya fungate. Muulize na unyamaze. Ninashuku utasikia habari ya mwanamke kijana aliyeketi chumbani na joto, mume wake amekwenda kupima ukuta wa watu. Kama ni hivyo, basi Lamu hajaiona bado; ameona mgongo wako. Siku akitaka kwenda tena, na akitaka yeye, mtafutie mama mwenyeji atakayemkaribisha ndani kwake, wakae wapike, na wewe na utepe wako mbaki nje kwenye daka.

Kabla ya hapo, Joska. Akiba mliyoichanga mkiwa wawili ilishapangiwa kazi na mmoja wenu, na kazi hiyo ni paa juu ya watoto wenu. Lipieni ploti. Kisha kaeni na mkeo, karatasi mezani, mkubaliane kiasi cha kila mwaka ambacho ni cha Lamu, kidogo au kikubwa, kinachojulikana na wote wawili. Mke anayejua kiasi hana haja ya kumwita ukuta mke mwenza.

Huyo kijana mpigie wiki hii. Mwambie huwezi kutoa pesa ya kushikilia, na kwamba ungependa kuona hukumu ya mirathi na kuzungumza na shangazi zake. Akikuletea, mzungumzie habari ya kukodi na kukarabati. Akianza kukwepa shangazi, mwachie Mzungu.

Mjomba